Picha Zisizo na Mgeni

Afisa alitaka picha. Vingine vyote vilikuwa tayari: cheti cha ndoa, cheti cha polisi, majibu ya daktari, mkataba wa nyumba. Bi Pindo alikuwa amevipanga kwenye faili la plastiki kama anavyopanga vipande vya suruali kabla ya kuviunga, kikubwa chini, kidogo juu. Halafu akafika mwisho wa karatasi ya maelekezo na kukuta pameandikwa: picha za wanandoa wakiwa pamoja, na wakiwa na familia, za vipindi mbalimbali vya ndoa. Akasimamisha cherehani. Akaisoma tena, mdomo unachezacheza, kisha akanipa mimi niisome, eti labda mimi nitakuta pameandikwa kitu kingine.

Bi Pindo si jina la kuzaliwa. Ni la kazini, kwa sababu pindo lake la gauni ukilipima kwa rula, utaona rula ndiyo iliyopinda. Anashona kwenye chumba changu, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni, maana mimi ndiye mwenye chumba na napenda kuona nani anaingia. Ni mwanamke wa kunyamaza. Mimi Mungu aliniumba bila breki za mdomo, basi tukafaana, nasema kwa niaba ya wote wawili.

Mumewe ni mtu wa nchi nyingine. Aliletwa na kampuni ya mafriji, yale makubwa ya mabuchani, na walikutana humu humu chumbani kwangu, alipoleta suruali ya kazi iliyochanika gotini. Ikashonwa. Akairudisha. Ikashonwa tena, akairudisha tena, mpaka nikamwambia, "Kaka, hiyo suruali imeshapona. Sema unaumwa nini wewe." Akacheka, akamwangalia Bi Pindo, na mambo yakawa.

Kwao Bi Pindo waliposikia binti anaolewa na mgeni, walifurahi kupita kiasi. Kila mtu alikuwa na lake kichwani. Walitegemea mgeni wa kuja na masanduku, na huyu alikuja na bisibisi. Kampuni ikafungwa, akabaki anatengeneza mafriji ya majumbani, anazunguka na baiskeli, mtungi wa gesi umefungwa nyuma kwa mpira, mikono ina grisi isiyotoka hata uisugue na mchanga. Furaha ya wakwe ikayeyuka kimya kimya. Wakaanza kumwita Mgeni, na hadi leo hawajamtafutia jina jingine. Hata yeye akimpigia simu mama mkwe husema, "Shikamoo mama, ni mimi, Mgeni wako."

Sasa picha. Simu ya Mgeni ina picha za ukoo mzima. Kila harusi, kila mahafali, kila mtoto aliyezaliwa na kila mzee aliyetoka hospitali, yeye ndiye aliyepiga. Na anapiga vizuri, hana papara, anasubiri mtu amalize kupepesa macho. Bi Pindo aliipekua simu ile mbele yangu mchana kutwa, kidole kinateleza tu. Mama yake yumo. Kaka yake mkubwa yumo, mstari wa mbele kila mara, tumbo limetangulia. Bi Pindo yumo, tena kapendeza. Mpaka paka wa jirani yumo. Mume hayumo. Siku ya ndoa yenyewe walisaini serikalini asubuhi, wakarudi kazini. Picha pekee zilizowakutanisha ni zile ndogo zilizobandikwa kwenye cheti cha ndoa, na hizo nazo kila mmoja kasimama na ukuta wake.

"Hivi hata moja?" nikamuuliza. "Hata siku moja mtu hakusema, lete simu nikupige na wewe?"

"Ana mkono mtulivu," akasema. "Ndiyo maana wanampa yeye."

"Haya, ana mkono mtulivu. Na wako una homa?"

Akaingiza kitambaa chini ya sindano akashona mstari, akausimamisha, akaufumua. Sijawahi kumwona Bi Pindo akifumua mstari ulionyooka.

Na haikuwa jambo la mzaha. Kibali cha muda cha Mgeni kilikuwa kinaisha, na safari hii hakiongezwi, kwa kuwa kampuni iliyomleta haipo. Njia iliyobaki ni ukaazi wa kudumu kupitia kwa mkewe. Wakimkatalia, anarudi kwao kuanza upya na mvi zake. Mtoto hawakujaliwa, na maafisa wakiona ndoa haina mtoto, haina picha, wanajua la kufikiri: hii ni ndoa ya karatasi, watu wamepatana.

Aliyeleta ujanja ni kaka mkubwa. Kaka mkubwa ni dalali wa nyumba. Kazi yake ni kukuonyesha chumba chenye unyevu mpaka wewe mwenyewe useme kina ubaridi mzuri. "Picha nayo ni kitu cha kutunyima usingizi?" akasema. "Jumapili njooni kwa mama. Tutapiga za miaka yote kwa siku moja. Tunachohitaji ni nguo tofauti tofauti tu."

"Nguo zipi?" Bi Pindo akauliza.

Na hapo ndipo mdomo wangu, laiti ungeshonwa, ukasema, "Nguo ziko kwangu."

Chumbani kwangu kuna reli nzima ya nguo za wateja zinazosubiri wenyewe. Sasa elewa: katika kazi yetu hakuna jambo la aibu kama fundi kuvaa nguo ya mteja. Wapo wanaofanya, wanaenda nazo harusini, Jumatatu wanazipiga pasi na kumkabidhi mwenyewe. Mimi hao huwa nawasema mpaka masikio yao yanawasha. Lakini siku ile nikajiambia, huku si kuvaa, huku ni kuokoa ndoa ya mtu. Nikajaza mfuko.

Jumapili ile siitaki kichwani lakini haitoki. Kaka mkubwa alikuwa kashageuza sebule ya mama yake. Kochi likahamia dirishani ikawa mwaka mmoja, likarudi ukutani ikawa mwaka mwingine. Pazia likabadilishwa. Keki moja ikakatwa upande huu, ikageuzwa, ikakatwa upande wa pili. Sisi wanawake tukawa tunaingia chumbani na kutoka, magauni ya watu, vitambaa vya watu, tunashikiza kwa pini yalipopwaya. Watu walianza kwa kucheka. Wajukuu walifurahi mno, walidhani ni mchezo.

Kicheko kilikatika alipotakiwa Mgeni kuingia kwenye picha. Hakujua asimame wapi. Sisemi alikuwa na haya, nasema hakujua, maana katika nyumba ile hakuwahi kuwa na mahali pa kusimama isipokuwa mbele ya watu, simu mkononi. Kaka mkubwa akamwambia, "Shemeji, mshike mkeo bega." Akaweka mkono begani kwa Bi Pindo taratibu, kama anayegusa ukuta uliopakwa rangi sasa hivi. Mama mkwe akapiga kofi kwenye kochi, akasema, "Njoo ukae hapa kwangu, mwanangu." Lile neno mwanangu likamtoka kwa shida, na sote tulisikia. Mgeni akauliza, "Hapa, mama?" Akakaa nusu makalio.

Na nani apige sasa? Hakuna aliyejua. Kaka mkubwa akachukua simu, akakata vichwa. Binti yake akachukua, watu wote wakatoka weusi kama wamefungiwa stoo. Mgeni akawa anainuka kila mara, anakuja kuelekeza kwa upole, "Dirisha liwe nyuma yako wewe, si nyuma yetu," kisha anarudi mbio kwenye nafasi yake kabla haijajazwa. Nilimtazama Bi Pindo ndani ya gauni la zambarau la mteja wangu mmoja, lenye kola ya mshazari, limemkaa vizuri kuliko ambavyo lingemkaa mwenyewe. Alikuwa anatabasamu kwa amri ya kaka yake. Macho yake yalikuwa kwenye zulia.

Siku ya mahojiano nilikwenda nao, kwa sababu ofisi inataka shahidi asiye wa ukoo. Chumba cha afisa kilikuwa kidogo, feni inazunguka na kugonga, meza imejaa mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Afisa mwenyewe ni mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kwenye mnyororo, sauti ya chini. Aliwauliza ya kawaida. Mnaishi wapi. Nani anaamka mwanzo. Mumeo anakunywaje chai. Bi Pindo akajibu yote bila kukosea, na mimi moyoni nikaanza kuita teksi ya kurudi nyumbani kwa raha.

Kisha akavaa miwani na kutandaza picha mezani.

"Hii ni lini?"

"Siku ya kuzaliwa mama," Bi Pindo akasema. Kaka mkubwa alikuwa amemkaririsha. "Mwaka wa kwanza tulipooana."

Afisa akaivuta karibu. Akaipeleka mbali. Niliisikia feni ikigonga, nikatamani inidondokee.

"Hili gauni ulilovaa, lilishonwa wapi?"

"Kwetu, kazini kwetu."

"Mwaka wa kwanza mlipooana?"

"Ndiyo, mama."

"Mdogo wangu ndiye aliyepeleka kitambaa hiki kwa fundi," afisa akasema, bado ameshika picha. "Zawadi ya kunipa mimi. Kola hii ya mshazari aliichora mwenyewe kwenye karatasi. Nimeletewa juzi juzi tu, na nikashangaa linanukia manukato ambayo sijawahi kununua maisha yangu." Akanigeukia mimi. "Na wewe shahidi, uliyekula kiapo hapa, unafanya kazi gani?"

Jamani! Mimi, mwenye chumba, mwenye mdomo, ninayewasema mafundi wenzangu mtaa mzima, nilikaa pale ulimi umekauka. Nilitaka kusema ni mimi, kosa ni langu, hawa hawana hatia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuku. "Fundi," nikasema. "Fundi cherehani."

"Nimeona."

Akazikusanya picha zote, akazigonga mezani zikae sawa, akaziweka pembeni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mnajua naweza kufunga faili hili sasa hivi? Na huyu bwana akapewa siku zake za kufungasha?"

"Tunajua," Mgeni akasema. Ndiye pekee aliyekuwa na sauti.

"Basi nataka kujibiwa jambo moja, na asinijibu mwingine ila mke. Kama mmeoana kweli, mmekaa wote miaka hii, kwa nini mlihitaji kuigiza? Picha zenu za kweli ziko wapi?"

Bi Pindo akatoa simu ya mumewe kwenye mkoba, akaisukuma mezani. Afisa akaanza kupitisha kidole. Harusi, mahafali, watoto, kaka mkubwa na tumbo lake. Alipitisha sana.

"Mumeo hayumo."

"Yeye ndiye anayepiga."

"Zote?"

"Zote."

"Wewe hujawahi kumpiga hata moja?"

Bi Pindo akatikisa kichwa. Nilidhani ataishia hapo, namjua. Lakini afisa alisubiri, mikono kwenye kibodi ya kompyuta yake, na kusubiriwa kule kukamshinda.

"Nilikuwa namwonea aibu," akasema.

Mgeni alikuwa ameketi karibu naye kabisa, magoti yao yanakaribia kugusana. Hakugeuka.

"Nyumbani walitegemea mtu mwingine," Bi Pindo akaendelea, anaongea na ukingo wa meza. "Mtu mwenye gari. Watu wa mtaani waliniuliza, mgeni gani huyu wa baiskeli? Nikawa nacheka nao. Mara ya kwanza kaka alipompa simu, akamwambia, shemeji, wewe una mkono mtulivu, tupige, mimi nilijua kwa nini. Wote tulijua. Hawakutaka awemo. Na mimi nilishukuru. Picha zile tunazituma huku na huku, watu wanaziona. Nilishukuru kwamba hayumo. Nikawa namwambia njiani, wanakupenda ndiyo maana wanakupa kazi. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia hivyo. Mume wangu hajawahi kunifanyia ubaya hata wa neno, mama. Cherehani yangu, viatu vyangu, friji la mama yangu, vyote anatengeneza yeye. Na nikitembea naye mjini huwa natangulia mbele kidogo."

Afisa alikuwa ameacha kuandika. Akamgeukia Mgeni. "Wewe ulikuwa unayajua haya?"

Mgeni alifikiri, anatafuta maneno, maana Kiswahili chake huchelewa anapoumia. "Ukipiga picha," akasema, "unaona kila kitu. Nikisema sogeeni, wanasogea, nafasi inajaa. Nilikuwa naangalia kama kuna mtu ataacha nafasi kidogo." Akanyoosha kidole gumba na cha shahada, akaonyesha upana wa bega la mtu. "Haikuwepo. Basi nikasema, tayari, cheka."

Bi Pindo akafunika uso kwa mtandio. Hakulia kwa sauti. Mimi ndiye niliyelia kwa sauti, na wala si mimi niliyeulizwa.

Afisa akavua miwani. "Nimefanya kazi hii muda mrefu," akasema. "Walionunua ndoa huniletea albamu. Wamekumbatiana ufukweni, wanalishana keki, wamevaa sare. Picha nzuri mno. Sijawahi kuona aliyenunua ndoa akaja kunidanganya kwa kusema mambo haya." Akarudisha mikono kwenye kibodi. "Hizi za uongo chukueni, zisiingie kwenye faili langu. Haya uliyosema nitayaandika kama ulivyoyasema, utasaini, na ndiyo yatakayokwenda juu. Unakubali?"

Ina maana watu asiowajua, ghorofa moja baada ya nyingine, wangesoma kwamba alimwonea aibu mumewe. Ina maana lingebaki kule daima, limepigwa mhuri.

"Naandika, au nifunge?" afisa akauliza.

"Andika," Bi Pindo akasema.

Akasaini. Mkono unaovuta pindo bila rula ulitoa saini iliyopinda ikatoka nje ya mstari. Nilipokuwa natoka nikamwambia afisa kuhusu gauni, nitakushonea jingine, kitambaa changu, mshono wangu. Akasema hapana, ahsante, hata lile ameshampa mdogo wake. Sikumlaumu.

Tulisubiri majibu. Nyumbani kwao wawili, Bi Pindo alinieleza, mume anakula, anasema ahsante, anatoka na baiskeli yake, anarudi, anasema pole na kazi. Hakumtupia neno baya. Hilo ndilo lililokuwa linamuua Bi Pindo. "Angenitukana ningejua pa kushika," aliniambia. Kaka mkubwa akatuma ujumbe: vipi, zile picha zimefaa? Bi Pindo akanionyesha, akazima simu. Mama yake alipiga kutaka kujua, akamjibu kwamba picha zimekataliwa na akamweleza sababu, yote, hadi ile ya kutangulia mbele. Mama hakukata simu, mpaka salio lake likaisha.

Kisha ofisi ikapiga. Amekubaliwa. Aje kupigwa picha ya kadi ya ukaazi.

Nilikwenda nao, nikisema nina shida zangu upande ule, ambazo sikuwa nazo. Njiani Bi Pindo alijaribu kutembea sambamba naye. Alikuwa hajazoea, hatua zikawa zinagongana, mara anampita, mara anabaki, na Mgeni akapunguza mwendo bila kusema kitu. Kwenye dirisha karani akamsomea mume masharti: kuanzia leo ukaazi wako ni wako mwenyewe, hautegemei mwajiri wala hautegemei ndoa, hata mkiachana hauguswi. Aliyasema haraka haraka, kwa mazoea, kama anavyomsomea kila mtu. Mgeni akaitikia ndiyo, ndiyo. Bi Pindo alikuwa amesimama hapo hapo anasikiliza, na niliona maneno yalivyomwingia, maana ni yeye mwenyewe aliyeyalipia, kwa saini ile.

Wakatuingiza chumba cha picha. Ukuta mweupe, kiti kimoja kisicho na egemeo, kijana wa kamera nyuma ya meza. Mgeni akakaa. Grisi kwenye kucha, shati jeupe, kola nimeipiga pasi mimi. Kijana akainua kamera, kisha akaishusha.

Bi Pindo alikuwa amekwenda kusimama pale ukutani, ubavuni kwa mumewe. Ameshajipanga, mtandio ameuweka sawa, kidevu juu, mkono ameuweka begani kwa mumewe na vidole vimeshika kweli kweli. Alikuwa anaitazama kamera.

"Mama, toka hapo," kijana akasema. "Hii ni ya mtu mmoja."

Hakusikia, au alisikia hakuelewa. Kijana akarudia, kwa heshima, na kumwonyesha kwa mkono pa kwenda kusimama, kule kwetu, nyuma ya kamera. Mgeni hakusema kaa wala hakusema nenda. Mkono wa Bi Pindo ukabaki begani pale kidogo, kisha akauondoa, akasogea, nafasi ikawa wazi, na kijana akasema, "Tayari."